India ilifuta unajisi wa kuzaliwa mwaka 1950. Asasi za kiraia zimefanya nini tangu hapo?

Mwalimu wa Tororo anauliza:

Salamu kwenu nyote mnaosoma hapa.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima mjini Tororo. Kwa muda wa miezi miwili darasa letu la jioni limekuwa likisoma habari za nchi zilizotawaliwa na Mwingereza kama sisi, na namna zilivyoshughulikia tofauti za kijamii baada ya kupata uhuru. Tumefika India, na hapo tumekwama.

Kilichotukwamisha ni hiki. Katiba ya India iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 inasema katika kifungu cha 17 kwamba desturi ya kumhesabu mtu kuwa najisi kwa sababu ya ukoo aliozaliwa imefutwa, na kwamba yeyote atakayeiendeleza atakuwa ametenda kosa linaloadhibiwa na sheria. Mwaka 1955 Bunge likatunga sheria ya kutekeleza kifungu hicho, na mwaka 1989 likatunga nyingine kali zaidi ya kuwalinda watu wa koo hizo, ambao wengi wao leo hujiita Dalit, pamoja na watu wa makabila ya asili, dhidi ya ukatili. Kwa upande wa maandishi, nchi ile haikulala. Hata hivyo sensa ya mwaka 2011, zaidi ya miaka 60 baadaye, ilikuta vyoo zaidi ya 790,000 ambamo kinyesi kilikuwa bado kinaondolewa na binadamu, na wanaofanya kazi hiyo karibu wote ni Wadalit, wengi wao wanawake, ambao mama zao na bibi zao waliifanya kabla yao.

Nilipomaliza kueleza hayo, mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza dagaa sokoni, aliniuliza: «Mwalimu, kama sheria hiyo ipo tangu bibi yangu hajaolewa, siku zote hizo ilikuwa mikononi mwa nani?» Sikuwa na jibu la kumtosha, nami sipendi kumrudisha mtu mzima nyumbani na jibu la nusu baada ya kuacha biashara yake ili aje kusoma.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Asasi za kiraia za India zimefanya nini hasa kuhusu jambo hili na kuhusu umaskini unaoandamana nalo? Zimeundwa na wale wanaoumia wenyewe, au na wasomi wa mijini wanaowasemea? Na sisi wa Uganda, ambao tuna sheria nzuri zinazokaa kabatini, tunaweza kuchukua nini kwao? Naomba majibu yenye mifano, maana darasa langu halishibi maneno ya jumla.

Karani Mstaafu, Mbale, anajibu:

Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, na huyo mama wa dagaa umfikishie salamu zangu, kwa maana ameuliza jambo ambalo mimi niliishi nalo nikiwa upande wa meza usionipa fahari.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani katika kaunti ndogo moja ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kunakili orodha za vibarua wa barabara katika daftari la malipo: jina, siku alizofanya kazi, kiasi alicholipwa, na nafasi ya kutia sahihi au dole gumba. Siku moja nililetewa orodha ya watu 40 waliodaiwa kuchimba mitaro, na nilipofika katikati nikakuta jina la jirani yangu ambaye tulikuwa tumemzika msimu wa mahindi uliotangulia. Mbele ya jina lake palikuwa na dole gumba lililokolea wino. Nililinakili jina hilo kwa mwandiko mzuri na sikusema neno, kwa sababu aliyeniletea orodha ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya ajira yangu, na nilijua kwamba daftari lile halingefunuliwa na mtu yeyote wa kijiji. Naandika haya kwa sababu nilipokuja kusoma habari za Rajasthan, jimbo mojawapo la India, nililitambua daftari lile mara moja.

Huko Rajasthan, katika eneo kame la vijiji maskini, kiliundwa mwaka 1990 chama kinachoitwa Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani umoja wa nguvu za wafanyakazi na wakulima. Miongoni mwa walioanzisha alikuwa Aruna Roy, aliyeacha cheo cha juu serikalini mwaka 1975, pamoja na Nikhil Dey, na Shankar Singh, mwenyeji wa mkoa ule aliyekuwa hodari wa kufundisha kwa nyimbo na michezo ya vikaragosi. Walikwenda kuishi katika nyumba ya udongo kijijini Devdungri na kula walichokula wenyeji. Mwalimu umeuliza kama asasi hizi ni za wanaoumia au za wasomi. Katika mfano huu walikuwamo wote, lakini madai yalianza kwa vibarua.

Vibarua wa kazi za umma, zile zinazofunguliwa wakati wa ukame ili watu wapate chakula, walikuwa wakilipwa chini ya kima cha chini kilichowekwa na sheria. Walipolalamika waliambiwa kwamba kitabu cha vipimo kinaonyesha hawakumaliza kazi. Wakasema: basi tuonyesheni kitabu hicho. Wakajibiwa kwamba ni siri ya serikali, kwa nguvu ya sheria ya siri iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1923. Hapo ndipo watu wasiojua kusoma walipotambua kwamba ujira wao umefungiwa ndani ya karatasi, na kwamba kudai ujira bila kudai karatasi ni kupoteza muda.

Mwezi Desemba 1994 wakaitisha baraza lao la kwanza la wazi, ambalo kwao linaitwa jan sunwai. Walikuwa wamefanikiwa kupata nakala za orodha za malipo, na mbele ya watu wote nakala zile zikasomwa kwa sauti: fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Mwenye jina akiwepo husimama na kusema kama alifanya kazi na kama alilipwa. Katika mabaraza hayo yalisomwa majina ya watu waliokwisha kufa, na ya watu waliohama kijiji zamani. Yalisomwa majengo yaliyolipiwa hadi paa ilhali kila aliyeketi pale alijua kwamba hayapo. Hebu fikiri, Mwalimu, kama daftari langu lingesomwa hivyo, na mjane wa jirani yangu akiwa ameketi katika mstari wa mbele.

Mwaka 1996 waliketi barabarani katika mji wa Beawar kwa siku 40 wakidai haki ya kupata nakala, na watu wa mji wakawaletea chakula. Madai hayo yakaenea nchi nzima hadi Bunge la India likapitisha sheria ya haki ya kupata habari mwaka 2005, ambayo inamtaka ofisa ajibu ombi ndani ya siku 30. Mwaka huohuo ikapitishwa pia sheria ya kuihakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, na ndani yake ukaandikwa ukaguzi wa hesabu unaofanywa na wanakijiji wenyewe.

Sasa niseme kuhusu kwetu. Uganda ilipata sheria yake ya kupata habari mwaka uleule wa 2005, kwa msingi wa kifungu cha 41 cha Katiba yetu, na sheria hiyo inampa ofisa siku 21, ambazo ni chache kuliko za Wahindi. Mwaka 2009 ofisi ya Waziri Mkuu ikaanzisha mikutano ambayo imepewa hata jina la Kiswahili, Baraza, ili viongozi wa wilaya waeleze fedha zimetumikaje. Nimehudhuria mikutano hiyo na sitaidharau, kwa maana nimewahi kuona barabara ikirudiwa baada ya wananchi kuuliza. Lakini katika Baraza letu anayeitisha mkutano, anayechagua siku, anayeshika karatasi na anayesoma hesabu ni upande mmoja, nao wananchi wanakuja mikono mitupu na hasira zao. Katika jan sunwai kibarua anakuja na nakala mkononi. Nadhani jibu la mama wa dagaa liko hapo.

Sitaki kuwadanganya kwamba njia hii ni salama. Satish Shetty, aliyetumia sheria ile ya India kufichua uporaji wa ardhi katika wilaya ya Pune, aliuawa karibu na nyumbani kwake mwezi Januari 2010, na hakuwa peke yake.

Mhudumu wa Afya, Kisoro, anajibu:

Shikamoo Mzee Karani, na salamu kwako Mwalimu.

Mzee ameeleza vizuri habari za hesabu, nami naomba nirudi kwenye unajisi wenyewe, kwa sababu njaa na unajisi hukaa nyumba moja lakini si kitu kimoja. Mtu anaweza kupata ujira kamili na bado akapewa chai kwa kikombe cha peke yake. Katika vibanda vya chai vya vijiji vingi vya kusini mwa India, hasa Tamil Nadu, ilikuwa desturi, na mahali pengine bado ipo, kuweka vikombe vya aina mbili: vya wateja wote vinakaa ndani, na vya Wadalit vinakaa pembeni, nao huvisuuza wenyewe wakimaliza kunywa.

Ambedkar, Mdalit aliyekuja kuongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba, aliyajua hayo tangu utotoni. Shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Tarishi ndiye aliyemmiminia kutoka juu, na siku ambayo tarishi hakuwepo mtoto yule alishinda na kiu. Ndiyo maana vita yake ya kwanza kubwa ilihusu maji. Katika mji wa Mahad kulikuwa na birika kubwa la umma, yaani bwawa la maji, na halmashauri ya mji ilikuwa imeamua mwaka 1924 kwamba watu wote waruhusiwe kuteka humo. Hakuna Mdalit aliyethubutu kulisogelea. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi ukingoni, akainama, akachota na kunywa, nao wakanywa. Siku ileile walishambuliwa na kupigwa, na baadaye watu wa koo za juu wakalitakasa birika kwa vyungu vya samadi na mkojo wa ng'ombe. Kesi ikaendeshwa miaka 10, hadi mahakama kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 1937 kwamba wale walioitwa najisi wana haki ya kutumia maji yale. Mwalimu, waeleze wanafunzi wako kwamba uamuzi wa halmashauri ulikaa miaka mitatu bila kumnywesha mtu hata tone.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilipohamia huku Kisoro nilikiona kikombe hicho kwa macho yangu. Nilialikwa mahali watu walipokuwa wakinywa pombe ya mtama baada ya kazi, wazee kwa vijana, wakipokezana chombo kimoja. Akaja Mtwa mmoja, mtu wa jamii ya asili ya msituni, aliyekuwa amelima shamba la mwenyeji wetu tangu asubuhi. Mwenyeji akainuka, akatoa kibuyu kidogo kilichokuwa kimetundikwa nje chini ya paa, akakijaza, akampa, na Mtwa yule akaenda kuketi chini karibu na ua ilhali benchi lilikuwa na nafasi. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa maana mambo yote yalifanyika kwa upole kabisa, kama vile mtu anavyofunga mlango jioni. Alipomaliza alikirudisha kibuyu mahali pake mwenyewe.

Watwa waliondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki na kwamba wanastahili fidia. Ni ushindi mkubwa, na kesi hiyo ilifunguliwa na Watwa wenyewe wakisaidiwa na asasi za kiraia. Lakini kibuyu hakijashtakiwa mahakamani, na sidhani kama kitaondolewa na hukumu peke yake.

Kwa hiyo mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa wale wasafishaji wa vyoo. Bezwada Wilson alizaliwa katika familia ya kazi hiyo huko Kolar, Karnataka, na katika miaka ya 1990 yeye na wenzake wakaunda vuguvugu liitwalo Safai Karmachari Andolan. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1993, na majimbo mengi yalikuwa yakisema kwamba kwao haipo. Wao walifanya kazi ya kuhesabu: walipita mtaa kwa mtaa wakipiga picha vyoo, wakiandika majina ya wafanyakazi, na mwaka 2003 wakazipeleka picha hizo Mahakama Kuu Kabisa ya nchi. Majimbo yakakosa la kusema. Sheria mpya ikatungwa mwaka 2013, na mwezi Machi 2014 mahakama ikaagiza familia ya kila aliyekufa ndani ya mitaro ya maji machafu tangu mwaka 1993 ilipwe rupia milioni 1, kiasi ambacho Oktoba 2023 kiliongezwa hadi milioni 3 kwa vifo vya baadaye. Wakati huohuo wanawake katika vijiji kadhaa walivikusanya vikapu walivyobebea kinyesi wakavichoma moto hadharani. Hukumu inaweza kumlipa mjane, lakini kile kikapu ilibidi kichomwe na aliyekibeba.

Mzee wa Jinja anajibu:

Wanangu, nimewasoma nami nina mawili tu ya kuongeza.

La kwanza ni la lugha. Kiswahili chetu kina neno «tabaka», na sisi hulitumia kwa tajiri na maskini vilevile. Hao Wahindi wana neno «jati», nalo ni tofauti, kwa sababu tabaka la mali mtu anaweza kulipanda au kulishuka, lakini jati anazaliwa nayo, anaoa ndani yake na anazikwa nayo. Hadi leo ndoa za kuvuka jati nchini India ni karibu 5 tu katika kila 100. Ukimwambia mwanafunzi «tabaka la chini» atadhani unasema maskini, na hatafahamu kwa nini daktari mwenye gari anaweza kunyimwa nyumba ya kupanga.

La pili ni la ujirani. Sisi wa Jinja tumekua pamoja na Wahindi. Babu zao waliletwa zaidi ya 30,000 kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, kila jamii na chama chake: Wapatidari, Walohana, Waismailia, Wagoa, Masingasinga. Mwaka 1972 walipewa siku 90 kuondoka, nami niliwaona wakipanga masanduku barazani. Naomba mazungumzo haya yasigeuke kuwa mashtaka dhidi ya mwenye duka wa mtaani kwenu. Dada yetu wa Kisoro ametuonyesha kwamba kikombe cha pembeni kinaweza kutundikwa kwenye paa la mtu yeyote.

Wakili Kijana, Kampala, anajibu:

Nawaheshimu wazee waliotangulia, lakini naomba kuweka pingamizi kwa Mzee Karani na kwa dada wa Kisoro. Mnazungumza kana kwamba sheria ni karatasi tupu hadi wananchi waipulizie uhai. Mimi naona kwamba India ilifanya jambo moja ambalo hakuna asasi ingeweza kulifanya: ilitenga nafasi. Katika ajira na vyuo vikuu vya serikali kuu, asilimia 15 zimetengwa kwa watu wa koo zilizoitwa najisi, 7.5 kwa makabila ya asili, na asilimia 27 kwa koo nyingine zilizobaki nyuma, katika ajira tangu miaka ya 1990 na katika vyuo baadaye. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1992 yakatenga theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Mamilioni ya watu wamekuwa walimu, maofisa na madiwani kwa njia hiyo. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili: Makerere inawaongezea wasichana alama 1.5 tangu mwaka 1990, na kila wilaya ina mbunge mwanamke.

Nakubali kwamba mfumo huo una mashimo. Hauhusu kampuni binafsi, nazo ndizo zenye ajira nyingi nzuri leo. Mdalit aliyebatizwa kuwa Mkristo au aliyesilimu anapoteza nafasi hiyo, kwa sababu amri ya Rais ya mwaka 1950 iliwataja Wahindu peke yao, kisha Masingasinga wakaongezwa mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990, ilhali majirani zake kijijini wanaendelea kumtenga bila kumuuliza anasali wapi. Na ndani ya koo hizo wapo waliotangulia wanaochukua nafasi mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana mwezi Agosti 2024 Mahakama Kuu Kabisa iliruhusu majimbo kuzigawa nafasi hizo upya ili walio nyuma kabisa wafikiwe. Kwetu pia, alama 1.5 humfikia kwa urahisi msichana wa shule nzuri ya Wakiso kuliko msichana wa Karamoja.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni fedha. Asasi nyingi za India zilitegemea misaada ya nje, na sheria ya kusimamia misaada hiyo ilikazwa sana mwaka 2020: fedha zote za nje lazima zipitie tawi moja la benki mjini New Delhi, asasi kubwa haziruhusiwi kugawia asasi ndogo za vijijini, na matumizi ya ofisi yasizidi asilimia 20. Mnaweza kufikiria ni nani aliyeumia kwanza: ni kikundi kidogo cha kijijini kilichokuwa kikipata fungu lake kupitia asasi ya mjini. Hapa kwetu mwaka 2021 mfuko mkubwa wa wafadhili ulisimamishwa na mwezi Agosti wa mwaka huo asasi 54 zikafungiwa, na nimewaona wateja wangu wakifunga ofisi za msaada wa kisheria ndani ya wiki moja. Asasi isiyolishwa na wanachama wake hufa siku mlango wa nje unapofungwa.

Mama wa Soko, Busia, anajibu:

Mwanangu Wakili, hapo mwisho umesema neno langu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake wa soko, na nilifundishwa habari za SEWA katika semina. Ni chama cha wanawake wanaojiajiri, kilichoandikishwa Ahmedabad mwaka 1972 chini ya Ela Bhatt, mwanasheria. Wanawake wale walikuwa wachukuzi wa mizigo kichwani, wauza mboga na washona nguo majumbani, na wengi wao walikuwa wa koo za chini au Waislamu. Ofisi ya kazi ilikataa kuwaandikisha kwa sababu hawakuwa na mwajiri wa kugombana naye. Wakajibu kwamba chama si cha kugombana na mwajiri tu, ni cha kushikamana. Mwaka 1974 wanawake 4,000 wakachangia rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao. Kwa vile wengi hawakujua kuandika, kila mmoja alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba ya akaunti yake, na picha hiyo ikawa ndiyo sahihi yake.

Nilipoelezwa habari ya kile kibao nililia, kwa sababu katika kikundi chetu tulikuwa tumemkataa mama mmoja kwa kuwa hajui kutia sahihi. Tulirudi tukamwandikisha. Leo SEWA ina wanachama zaidi ya milioni 2, na ada ya mwanachama ndiyo msingi wake.

Mzee Karani anaongeza:

Wakili, nakubali kwamba nafasi zilizotengwa zimeinua watu, na sikukusudia kuidharau sheria. Ninalosema ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi wa umma niliyeajiriwa kihalali, nikiwa na sheria rafuni nyuma yangu, na bado nilinakili jina la marehemu. Kiti changu hakikutosha kumsaidia yule mjane, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyewahi kuniomba nakala.

Mwalimu wa Tororo anarudi:

Nawashukuru sana. Jana jioni niliwasomea wanafunzi majibu yote, na tulikaa hadi taa ya sola ilipoanza kufifia.

Walibishana zaidi juu ya kibuyu cha Kisoro kuliko juu ya India. Wawili walisema kwamba mambo hayo hayapo Tororo, kisha mzee mmoja akawauliza ni nani huitwa kuchimba kaburi au kuzibua choo kinapojaa, na watoto wa nani hawaalikwi kwenye sherehe baada ya hapo, na darasa likanyamaza kwa muda mrefu. Sikujaribu kuuvunja ukimya huo.

Mama wa dagaa alitaka kujua jambo moja tu: kama orodha ya waliopewa mkopo wa shilingi milioni 1 katika parishi yake, kwa mpango ule wa serikali ulioanza mwaka 2022, ni karatasi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiomba. Nilimwambia kwamba kwa sheria ya 2005 anaweza kuandika ombi na kusubiri siku 21. Hajui kuandika vizuri bado, kwa hiyo tumekubaliana kwamba somo la Jumatano litakuwa kuandika barua hiyo, kila mwanafunzi kwa mkono wake, na wanane wamekwisha kusema kwamba watakwenda pamoja naye kuipeleka. Mzee Karani, kama una namna ya kutuelekeza ombi la aina hiyo huandikwa vipi ili karani asipate sababu ya kulirudisha, tafadhali tuandikie kabla ya siku hiyo.